Kamera ya Pili Si Pambo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, na ninyi ndugu zangu mnaoanza kazi ya kupiga picha, habari za mchana.

Nimepewa swali moja, nalo halikupambwa: kwa nini mpiga picha atembee na kamera mbili, wakati mwingine tatu, ilhali jicho la kulengea ni moja na kidole cha kubonyezea ni kimoja? Ni swali la haki. Mara nyingi anayeuliza ni yule anayelipa gharama. Mwingine anayeuliza ni mgongo. Kamera kubwa ya kikazi ikiwa na betri yake ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na lenzi ya zumu, yaani ya kuvuta picha karibu au mbali, ya mm 70-200 yenye uwazi wa f/2.8 (namba hii ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni pana zaidi) nayo inakaribia uzito huohuo. Hiyo ni kama kilo tatu begani, na kamera ya pili bado hatujaigusa. Mtu habebi mzigo wa namna hiyo kutwa nzima kwa kujifurahisha.

Nitatoa jibu langu mapema ili mwenye haraka aende zake kwa amani. Kamera ya pili inahitajika pale ulipomwahidi mtu jambo ambalo halitarudiwa. Ukiwa hujaahidi kitu, kamera moja inatosha, na nitawaeleza baadaye kwa nini wakati mwingine hiyo moja ni bora zaidi. Hayo mengine yote ni maelezo, lakini maelezo yenyewe yana utamu wake, kwa hiyo mnaobaki, kaeni vizuri.

Tuanze na mashine kufa. Novemba 1969 wanaanga wa Apollo 12 walishuka Mwezini wakiwa na kamera ya televisheni ya rangi. Miezi minne kabla yao, matembezi ya Apollo 11 yalirushwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Safari hii watu walikuwa wamekaa tayari kuyaona kwa rangi. Alan Bean akawa anaihamisha kamera ili aiweke juu ya miguu yake mitatu, na katika kuihamisha lenzi ikaelekea jua. Kifaa cha ndani kinachopokea picha kikaungua. Kamera nyingine ya televisheni kule chini hapakuwa nayo, basi matangazo ya picha yakaishia hapo, na waliokuwa wamekaa mbele ya televisheni zao wakabaki na sauti tu. Lakini picha za mnato za safari ileile tunazo tele, kwa sababu Bean na mwenzake Pete Conrad kila mmoja alikuwa na kamera yake ya Hasselblad. Siku ni ileile na watu ni walewale. Upande mmoja ulikuwa na kifaa kimoja, upande wa pili viwili.

Na kwa kuwa tumefika Mwezini, tusiondoke bila kuitazama Apollo 11. Wale walitoka nje na Hasselblad moja, nyingine nyeusi ikabaki ndani ya chombo kama akiba. Muda mwingi kamera ile ilikuwa mikononi mwa Neil Armstrong. Matokeo yake picha maarufu za mtu aliyesimama Mwezini ni za Buzz Aldrin, na picha nzuri za mnato za mtu wa kwanza kukanyaga pale ni chache mno. Anayeshika kamera haonekani. Hilo kila mpiga picha wa familia analijua. Kamera mbili nje zingeibadilisha kabisa albamu ile.

Rudini sasa duniani. Kamera ya kawaida haifi kwa jua. Inakufa kwa shata iliyochoka, lile pazia dogo la ndani linalofunguka na kufunga kila unapobonyeza, kwa mlango wa betri uliovunjika, kwa maji yaliyoingia taratibu bila mtu kujua, kwa kuanguka kutoka kiunoni. Don McCullin, mpiga picha Mwingereza, ana Nikon F iliyopigwa risasi alipokuwa kwenye vita vya Asia ya Kusini-Mashariki. Chuma cha kamera kikaizuia risasi. Kamera inaweza kufa kwa njia ambazo kijitabu cha maelekezo hakizitaji.

Shata ndiyo ninayotaka muielewe, kwa sababu kifo chake hakina taarifa. Watengenezaji huzijaribu shata na kutangaza idadi ya mibonyezo: kamera za daraja la kati mara nyingi 150,000 au 200,000, kubwa za kikazi 400,000 na zaidi. Idadi hiyo ni kipimo cha maabara. Si dhamana. Yako inaweza kuvuka mara mbili yake, na inaweza kukata roho nusu ya njia. Fanyeni hesabu wenyewe: mtu anayepiga picha 3,000 kwa siku ya harusi anafikisha 150,000 baada ya kazi 50. Mpiga picha mwenye wateja anamaliza hizo mapema kuliko anavyodhani, na siku shata itakapokwama haitachagua saa ambayo watu wamekaa wanakula. Kuna kamera za sasa, kama Nikon Z9 ya mwaka 2021, ambazo hazina shata ya chuma kabisa. Hilo limeondoa kifo kimoja. Vingine vyote vipo palepale.

Hapo huwa nasikia mtu akisema: mimi kamera yangu ina nafasi mbili za kadi, nina usalama. Unao, wa aina moja. Kadi mbili zinalinda picha ulizokwisha kupiga, ila hazikusaidii chochote kwa picha ambazo bado hujapiga. Mwaka 2018 Nikon ilipotoa Z6 na Z7 zenye nafasi moja tu ya kadi, wapiga picha wa harusi walilalamika kwa sauti kubwa, na nadhani walikuwa na haki. Lakini wengi wa waliolalamika nina hakika walikwenda kazini na bodi moja, yaani kamera yenyewe pasipo lenzi. Kadi iliyoharibika na kamera iliyozima ni misiba miwili, na kila mmoja una dawa yake. Mwenye dawa ya mmoja asijidai amepona wote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nabishana nalo kila mahali. Watu husema kamera ya pili ni kama tairi la akiba. Mimi sikubali, na hapa ndipo hasa nilipotaka kufika. Tairi la akiba linalala. Unasafiri ukitumaini hutalihitaji. Kamera ya pili ya mtu anayejua kazi hailali. Inapiga picha saa ileile na ya kwanza, ikiwa na lenzi nyingine, na hofu ya kuharibika ni sehemu ndogo tu ya sababu yake. Ukiniuliza kwa nini nabeba mbili, nitakwambia ninanunua sekunde.

Kubadilisha lenzi kwa mtu mwenye mikono mizoefu, bila kukimbizwa, ni sekunde 10 hadi 20: ufungue begi, utoe kifuniko, ufungue iliyopo, uweke mpya mpaka isikike imekaa, urudishe ya zamani mahali pake. Busu la maharusi ni sekunde tatu. Mchezaji aliyefunga bao anakimbia kona, anaruka, anakumbatiwa, na kabla hujamaliza kuzungusha lenzi wameshazibwa na wenzao kumi. Mtoto aliyepokea cheti anamtazama mama yake mara moja tu, kisha anakumbuka kuona aibu. Ukiwa na mm 24-70 bega moja na 70-200 bega la pili, unaiachia moja ishuke kiunoni, unainua nyingine. Sekunde moja, labda moja na nusu.

Kuna anayeuliza kwa nini asinunue zumu moja inayoanzia mm 28 hadi 300 aondokane na mambo haya. Zipo, na kwa safari ya matembezi ni rafiki mzuri. Lakini kwenye upande wake mrefu uwazi wake huishia f/5.6 au finyu zaidi. Kutoka f/2.8 kwenda f/5.6 ni hatua mbili kamili, maana yake unapokea robo ya mwanga. Ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, robo ya mwanga ndiyo tofauti ya picha iliyotulia na picha iliyotikisika. Wanaopenda lenzi zisizo na zumu wana deni kubwa zaidi kwa kamera ya pili: mm 35 huku na 85 kule, mchanganyiko wa siku nyingi na bado sijaona unaoushinda kwa habari za watu.

Na vumbi. Kila unapofungua lenzi unamfungulia mlango. Kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi picha kuelekea jicho la mpigaji, sensa, yaani kile kipande kinachopokea picha, iko karibu sana na mdomo wa kamera, na nyingi zikifunguliwa inabaki wazi kabisa. Baadhi, kama Canon EOS R ya 2018, hufunga shata unapozima kamera ili kuikinga. Chembe moja ikishakaa pale utaikuta kwenye kila anga uliyoipiga siku hiyo kama doa la kijivu, na utakaa usiku ukizifuta. Uwanja wa vumbi, ufuko wenye upepo, mvua ya manyunyu: hizo ni sehemu ambazo mtu mwenye kamera mbili hafungui chochote tangu asubuhi mpaka jioni.

Wapo ambao hawana hata uchaguzi. Mpiga picha wa chini ya maji anaifunga kamera ndani ya kasha lisiloingiza maji akiwa bado juu, na lenzi aliyoichagua ndiyo atakayokwenda nayo chini. Akishuka na lenzi ya vitu vidogo, akapita nyangumi, atamsindikiza kwa macho. Enzi za filamu ilikuwa mbaya zaidi, kwani picha 36 zikiisha hakuna wa kufungua kamera baharini. Ndiyo maana wapo wanaoshuka na makasha mawili.

Nimetaja filamu, na vijana wengine hapa wanaiona kama hadithi za babu, lakini kule ndiko mazoea ya kubeba kamera nyingi yalikokomaa. Fikirini: roli la filamu yenye upana wa mm 35 lina picha 36. Kamera ikifungwa mota ya kuvuta filamu inayopiga picha 5 kwa sekunde, roli zima linaisha katika sekunde 7 hivi. Baada ya hapo ni kurudisha filamu ndani ya kopo lake, kufungua mgongo wa kamera, kuingiza ulimi wa roli jipya, kufunga, kupiga mbili za majaribio. Robert Capa, mpiga picha wa vita, alipokwenda na wanajeshi waliotua ufukwe wa Omaha, Normandy, tarehe 6 Juni 1944, alikuwa na kamera mbili za Contax za filamu ya mm 35. Jaribuni kuwaza kubadilisha filamu mkiwa ndani ya maji ya chumvi, mikono inatetemeka, watu wanaanguka pembeni. Kamera ya pili iliyokwisha kujazwa ilikuwa ni picha 36 nyingine bila kufungua chochote.

Kisha lilikuwepo suala la aina ya filamu, ambalo leo limesahaulika kabisa. Kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga, hiki tunachokiita ISO, ilikuwa ndani ya roli. Ukiweka Kodachrome 64 kwa ajili ya jua, umefungwa nayo hadi iishe. Ukiingia ndani ya nyumba yenye giza, utajijua. Basi bodi moja ilikuwa na filamu ya rangi ya polepole, nyingine ina Tri-X nyeusi na nyeupe ya ISO 400, na wengine walibandika kipande cha karatasi ya gundi juu ya kila kamera wasije wakachanganya. Rangi ilikuwa ya jarida, nyeusi na nyeupe ya gazeti. Mteja mmoja bega hili, mteja mwingine bega lile. Hasselblad walikuwa wameshalitatua hilo kwa namna yao tangu 1948, kwa magazini, yaani kikasha cha filamu, inayochomolewa na kubadilishwa hata roli likiwa katikati. Lakini kamera za mm 35 kwa jumla hazikuwa na anasa hiyo, na tiba yake ikawa ni kununua bodi nyingine.

Mwaka 1999 ikaja Nikon D1, magazeti yakaanza kuhama kutoka kwenye filamu, na palikuwa na hoja nzuri ya kusema kwamba sasa kamera moja yatosha. ISO unabadilisha kwa kidole. Rangi na nyeusi-nyeupe unachagua ukishafika mezani. Picha 36 zikawa mia kadhaa, kisha maelfu. Sababu mbili kubwa za zamani zikafa kwa mpigo. Hata hivyo tazameni ukingo wa uwanja wowote wa michezo leo: kamera mbili, tatu kwa mtu mmoja. Ya lenzi haikufa, wala ya kuharibika. Na zimezaliwa mpya. Kamera za kioo zilidumu na betri moja kwa muda mrefu sana. Nikon D5 ilipimwa picha 3,780 kwa chaji moja. Sony A7 ya mwaka 2013, isiyo na kioo, ilipimwa 340. Za leo zimeboreka, lakini betri inaisha katikati ya jambo kuliko zamani, na bodi ya pili yenye betri yake ndani ndiyo njia ya haraka zaidi ya kubadilisha betri.

Bado sijasema lolote kuhusu kamera ambayo hukuishika. Ipo nyuma ya goli, imefungwa chini, inabonyezwa kwa redio na mtu aliyekaa mita nyingi kutoka pale. Ipo juu ya paa la ukumbi wa ndondi ikitazama ulingo kutoka juu. Inakaa karibu na jukwaa la kurushia roketi, mahali ambapo binadamu haruhusiwi, ikisubiri mlio wa injini ndio uifyatue. Hiyo haihusu akiba hata kidogo. Ni macho zaidi ya mawili. Na babu wa kazi hiyo ni Eadweard Muybridge. Juni 1878, huko Palo Alto, California, alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, kila moja na uzi wake uliovukishwa njia, farasi akikata uzi shata inafyatuka. Mwenye farasi, Leland Stanford, alitaka kujua kama kuna wakati farasi anayekimbia hagusi ardhi kwa kwato hata moja. Kamera moja ya wakati ule isingeweza kujibu, maana kuiandaa kwa picha ya pili kungechukua muda ambao farasi angekuwa ameshafika kwao. Kumi na mbili zilijibu: ndiyo, kwato zote nne huwa hewani, tena zikiwa zimekunjwa chini ya tumbo, wala si zikiwa zimenyooshwa kama wachoraji walivyozoea kuzichora.

Kupatwa kwa jua nako ni somo zuri. Mahali popote duniani, giza kamili la kupatwa kwa jua haliwezi kuzidi dakika saba na nusu hivi, na mara nyingi huwa fupi kuliko hapo. Katika muda huo mtu anataka taji la mwanga linalozunguka jua kwa lenzi ndefu, anataka pia mandhari yote na upeo wa macho kwa lenzi pana, na kichujio cha kuzuia jua lazima kiondolewe giza linapoanza na kirudishwe kabla halijaisha, la sivyo yatakupata ya Bean. Anayekwenda na kamera moja anachagua kimoja na kukiaga kingine. Wenye uzoefu huzipanga mbili au tatu, wakaziachia zijipige zenyewe kwa ratiba waliyoiandika nyumbani, nao wakatazama juu kama watu wengine. Mimi nawaonea wivu hao wa mwisho kuliko wote.

Kuna mchanganyiko mwingine: bodi mbili zisizofanana kwa makusudi. Mpiga picha wa wanyama na ndege anaweza kuwa na moja ya sensa kubwa kwa ajili ya alfajiri yenye mwanga kidogo, na ya pili yenye sensa ndogo, ile ya kuzidisha 1.5, ambayo lenzi ya mm 400 inaonyesha eneo ambalo kwenye sensa kubwa lingehitaji mm 600. Tusidanganyane hapo: lenzi haikurefuka, ni ukingo wa picha umekatwa. Lakini kama pikseli, zile nukta zinazounda picha, zimesongamana zaidi kwenye sensa ile ndogo, ndege wa mbali atapata pikseli nyingi zaidi, na hiyo ni faida ya kweli. Wengine huchanganya kamera ya kasi kwa michezo na kamera ya megapikseli nyingi kwa mandhari. Ina mantiki, ila ina bei yake, nami nitaifikia sasa hivi.

Wahenga wana la kutuambia: mshika mawili, moja humponyoka. Wanaotupinga husimama hapo, na wana hoja. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa maarufu kwa picha za mtaani, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kamera ya Leica na lenzi ya mm 50, na sijui nani hapa atasimama aseme alikosa picha kwa kukosa zumu. Mwenye lenzi moja anajua kabla hajainua kamera nini kitaingia na nini kitabaki nje. Miguu yake ndiyo zumu. Hajiulizi kitu. Mwenye kamera mbili ana swali moja la ziada kila dakika, kushoto au kulia, na nimewaona wapiga picha wakilijibu swali hilo wakati tukio linapita mbele yao. Nimewaona pia waliobeba mbili ili wafanane na wapiga picha. Hao sina la kuwashauri.

Kwa hiyo narudia tofauti niliyoianza. Cartier-Bresson akitembea mtaani hakuwa amemwahidi mpita njia yeyote kwamba picha yake itapatikana. Ikimkosa, anatembea hatua nyingine kumi, na mtaa una mengine. Ukitoka kwa ajili yako mwenyewe, nenda na moja, nenda mwepesi, ujifunze kuona. Bibi harusi hana hatua nyingine kumi. Ametenga siku moja, ndugu zake wamesafiri, na wengine kati ya wazee waliokaa safu ya mbele huenda hawatakusanyika tena. Huwezi kumwambia kamera ilizima. Wala mkataba uliokwepa jambo hilo kwa maandishi madogo haumrudishii kitu.

Sasa niseme juu ya utunzaji, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka wakiwa na kamera mbili kamili mabegani. Tunaambiwa akiba haiozi. Waliosema hivyo hawakuwa na betri za lithiamu. Kamera ya akiba iliyokaa begini miezi sita bila kuguswa imeoza: betri imeshuka, saa yake imepotea, kadi iliyomo imejaa picha za kazi ya mwaka jana, mipangilio ni ile uliyoiacha usiku ule ulipopiga fataki. Ukiitoa kwa dharura, dakika tano za kwanza unapambana nayo. Itumieni kila kazi, zote mbili. Zikichoka, zichoke pamoja.

Saa za ndani zilinganisheni kabla ya kila kazi, kwa sekunde. Saa za kamera hupotea, na kila moja hupotea kivyake. Bodi mbili zilizopishana dakika tatu zitakuletea mezani harusi ambayo watu wanapiga makofi kabla pete haijavaliwa. Njia rahisi ni kuipiga picha saa ya simu yako kwa kamera zote mbili unapoanza. Hata kama hukurekebisha, programu ya kupanga picha itakuruhusu kusogeza muda wa kamera moja uwiane na nyingine. Wapeni mafaili majina yenye herufi tofauti kwa kila bodi, vinginevyo siku moja picha namba 0457 itaandikwa juu ya picha nyingine namba 0457, na hamtajua mpaka mteja aulize.

Na hii ndiyo bei niliyosema ya kuchanganya bodi zisizofanana. Vitufe havipo mahali pamoja. Rangi ya ngozi ya mtu yuleyule inatoka nyekundu kidogo huku na njano kidogo kule, na utakaa ukizisawazisha moja baada ya nyingine. Betri hazibadilishani, chaja ni mbili, kadi pengine ni za aina mbili. Kwa ndege na wanyama nakubali uchanganye. Kwa harusi, habari na mikutano, nunua pacha. Kidole kikijua kitufe kiko wapi, akili inabaki kwa watu walio mbele yako.

Msiziweke kamera zote mbili begi moja mkisafiri. Mwizi akichukua begi, amechukua ahadi nzima. Zibebeni ndani ya ndege, wala msizikabidhi na mizigo. Betri za lithiamu za akiba hata sheria za usafiri wa anga hazitaki ziingie kwenye mzigo wa chini. Mkitoka kwenye baridi kali, au kwenye chumba chenye kiyoyozi, mkiingia penye joto na unyevu, kioo cha lenzi kitaingia ukungu hadi kamera ipate joto la mahali. Kama inawezekana, mojawapo iwekeni upande wa joto mapema, iwe tayari wakati nyingine bado haioni.

Najua swali ambalo wengi mnalishikilia: na asiye na uwezo wa kununua mbili? Azime, au akodi, kwa siku za ahadi tu. Mpiga picha mwenzako ambaye hana kazi siku hiyo ana kamera inayolala. Kubalianeni, leo kwako, kesho kwake, na kila mmoja ajifunze vitufe vya mwenzake mapema. Ukianza kununua, bodi ya pili inaweza kuwa kuukuu. Muulize muuzaji idadi ya mibonyezo ya shata na uihakikishe mwenyewe, tazama sensa kwa kupiga picha ya anga tupu kwa f/16, jaribu kila kitufe na kila mlango, nafasi zote za kadi. Mtindo wa kamera uliopita, uleule wa familia ya hiyo uliyonayo, unaotumia betri zilezile, utakufaa kuliko mpya kabisa ya familia nyingine. Na kama bado una lenzi moja tu, ya hafifu, nunua lenzi kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nina dakika chache za maswali, na naona yule dada wa safu ya nne mwenye kamera mbili kiunoni ameinua mkono tangu nilipomtaja Cartier-Bresson. Dada, karibu kipaza sauti.